Uzi: Kampuni ya reli iliyouza viwanja London, treni ikiwa chambo

Behewa la Tatu (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Huu ni mwaka wa nne niko Harrow, kaskazini-magharibi mwa London. Nimepanga chumba cha juu kwenye nyumba ya miaka ya 1930. Ukuta mmoja tumechangia na jirani, dirisha la mbele limebenuka kwenda nje, paa ni la vigae vyekundu, na palipokuwa bustani siku hizi panalala magari. Ukitoka mlangoni unakuta ya pili kama hiyo, ya tatu, ya thelathini, kama tofali zilizotoka kwenye kalibu moja. Muda wote nilidhani ni mradi wa serikali, mambo ya NHC ya wenzetu.

Karibu na stesheni kuna duka la mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu. Alinisikia siku moja naongea na simu ya nyumbani, tangu hapo ananisalimu kwa Kiswahili kilekile alichoondoka nacho. Nikamuuliza, mama, hizi nyumba zote alijenga nani? Akanijibu huku anapanga maziwa, hata hakugeuka: "Treni ndiyo ilijenga."

Nilicheka. Nimekuja kugundua hakuwa mbali na ukweli, ndiyo maana nafungua uzi huu. Nashusha kwa vipande, niko zamu ya usiku wiki hii, mnivumilie.

Nanga

Natia nanga. Siti ya mbele kabisa.

Behewa la Tatu

Tuanze mbali kidogo.

Kabla ya reli, mtu wa London aliishi pale ambapo miguu yake ingemfikisha kazini. Mwenye gari la farasi aliweza kusogea nje ya mji, wengine wote walibanana. Reli ya kwanza ya jiji ilianza kubeba abiria mwaka 1836 kuelekea Greenwich. Ilikuwa fupi, kama kilomita 6 tu, na karibu yote ilipita juu ya matao ya matofali, 878 kwa idadi. Watu walipanda kwanza kwa kushangaa, kisha wakaanza kupiga hesabu: kumbe naweza kulala kule na kufanya kazi huku.

Kuna kisa nakipenda sana cha mji wa Kingston. Reli ya kwenda Southampton ilipokuwa inapangwa, Kingston ilikuwa inakula kwa magari ya farasi. Kulikuwa na nyumba za wageni, mazizi, wauza majani, mafundi magurudumu. Wakubwa wa mji hawakutaka reli karibu yao, ikapita kusini, na mwaka 1838 stesheni ikawekwa mashambani. Kuizunguka ile stesheni nyumba zikaota mpaka watu wakapaita Kingston-upon-Railway, yaani Kingston ya kwenye reli. Leo panaitwa Surbiton. Kingston yenyewe ilikuja kupata stesheni yake 1863, robo karne baadaye.

Nanga

Hao walijikaanga kwa mafuta yao wenyewe 😂 Endelea mkuu.

Behewa la Tatu

Mwaka huohuo wa 1863, tarehe 10 Januari, ndipo Metropolitan Railway ilipofungua njia yake kutoka Paddington hadi Farringdon. Ndiyo treni ya kwanza ya abiria duniani kupita chini ya ardhi, na msidhani ilikuwa ya umeme. Ni kichwa cha mvuke ndani ya handaki, moshi wote mnavuta nyie. Pamoja na hayo, siku ya kwanza tu walipanda watu wapatao 38,000.

Aliyeipigania miaka mingi ni Charles Pearson, mwanasheria wa halmashauri ya City of London. Alifariki Septemba 1862, miezi michache kabla haijafunguliwa. Msongamano wa barabarani ulimkera, lakini lililomuuma zaidi ni maskini waliorundikana kwenye vichochoro vya katikati ya jiji kwa sababu hawana nauli, wala muda wa kutembea kutoka mbali. Alitaka wakaishi nje penye hewa na treni ya bei ndogo iwe inawaleta kazini. Mlishike hilo, kwa sababu kampuni ilipokuja kuifuata ndoto hiyo, iliifuata kwa watu wengine kabisa.

Tawi lililokuja kubadili mambo lilianza kinyonge. Mwaka 1868 njia ya reli moja ilitoka Baker Street ikapanda hadi Swiss Cottage, basi. Kisha ikawa haishikiki. Willesden Green 1879, Harrow 1880, Pinner 1885, Rickmansworth 1887, Chesham 1889, Aylesbury 1892. Mwenyekiti alikuwa Sir Edward Watkin, mtu wa ndoto kubwa kuliko mfuko. Alikuwa anawaza treni itoke Manchester, ipite London, iingie handaki chini ya bahari hadi Ufaransa. Pale Wembley alianza kujenga mnara wa kuushinda ule wa Eiffel ili watu wapande treni kwenda kuutazama. Uliishia hatua ya kwanza, ukakaa kama kisiki, ukabomolewa 1907. Hapohapo ndipo ulipokuja kujengwa uwanja wa Wembley, ukachezewa fainali ya kwanza 1923. Kwa hiyo mpira tunaouangalia ulikaa kwenye kaburi la mnara wa mwenye reli.

Lakini angalieni ramani ya wakati ule. Hizo stesheni zote zilikuwa katikati ya mashamba na ng'ombe. Swali la mwenye akili ni hili: kampuni inapeleka treni kusiko na abiria ili iweje?

Mpimaji wa Zamani

Ardhi.

Behewa la Tatu

@Mpimaji wa Zamani umenimalizia uhondo mzee wangu 😄

Ndiyo, ardhi. Hapa ndipo kwenye nyama, nitakwenda taratibu.

Kule kampuni ya reli ikitaka kupita ilipewa na bunge mamlaka ya kutwaa ardhi kwa lazima, mwenye shamba analipwa. Wenye mashamba hawakuwa wajinga. Reli ikikata shamba pembeni, mwenyewe anasema, kipande hiki kilichobaki nitalima nini, chukua lote. Kampuni ilijikuta na ardhi kubwa kuliko tuta la reli lenyewe. Sheria ya 1845 ilisema wazi kwamba hiyo ya ziada iuzwe ndani ya miaka 10, kwa sababu bunge liliogopa makampuni ya reli yasije yakawa makabaila.

Metropolitan ikawa tofauti na wenzake. Kwenye sheria zake yenyewe ilijipatia vifungu vya kuruhusiwa kubaki na ardhi ya ziada, kuikodisha na kuijenga. Mwaka 1887 ikaunda kamati maalumu ya kuisimamia. Wakaanza na Willesden Park, baadaye Cecil Park kule Pinner, na Wembley Park ambako mnara ulishindikana.

Hebu piga hesabu kama dalali. Shamba la mahindi bila treni lina bei ya shamba la mahindi. Peleka treni ya kufika Baker Street, shamba lilelile linapanda bei bila kuongezwa hata mbolea. Kwa kampuni nyingine ya reli, hilo ongezeko linaingia mfukoni mwa mwenye shamba. Kwa Metropolitan linaingia kwao. Ukishamuuzia mtu nyumba, atakununulia tiketi ya msimu mpaka astaafu, kwa maana hana njia nyingine ya kufika kazini. Umemuuzia kiwanja mara moja na nauli maisha yake yote.

Halafu kuna shinikizo ambalo wengi hawalisemi. Katikati ya jiji Metropolitan ilikuwa inaumia. Mwaka 1900 ilifunguliwa Central London Railway, ya umeme, safi, nauli peni 2 popote unaposhuka. Tramu na mabasi nayo yakamega abiria wa safari fupi. Nani atakubali kupanda treni ya moshi? Ikabidi nayo iweke umeme kuanzia 1905, na itafute abiria wa mbali ambao tramu haiwezi kuwafikia. Kama hawapo, wazalishwe.

dada wa Kinyerezi

Subiri kaka. Kwa hiyo hao waliohamia ni matajiri tu? Maana huyo Pearson ulisema alitaka maskini wapate pa kuishi.

Behewa la Tatu

@dada wa Kinyerezi swali zuri. Kwa upande wa Metropolitan, ilikuwa daraja la kati: makarani wa benki, walimu, watu wa bima, maofisa wadogo wa serikali. Maskini walibebwa na reli nyingine, na kwa kulazimishwa.

Great Eastern, reli ya upande wa mashariki, ilipotaka kuingiza njia hadi Liverpool Street ilibidi ibomoe nyumba nyingi za watu wa chini. Bunge likawaambia mwaka 1864: sawa, bomoeni, lakini mtaendesha treni za wafanyakazi za alfajiri kutoka Edmonton na Walthamstow, nauli peni 2 kwenda na kurudi. Mwaka 1883 sheria ya treni za bei nafuu ikalipanua jambo hilo kwa makampuni mengine.

Matokeo ni kwamba Edmonton, Tottenham na Walthamstow zilijaa safu za vijumba vya wafanyakazi. Mwaka 1884 meneja mkuu wa Great Eastern, William Birt, alikwenda mbele ya tume ya makazi akalalamika kwamba treni hizo zimeharibu maeneo yaliyokuwa ya watu wa heshima. Mwenye treni analalamikia abiria wake mwenyewe!

Mkiangalia hapo mtaona nauli na ratiba ndivyo vilivyochora nani akae wapi. Ukiweka treni ya saa 11 alfajiri kwa peni 2, umeita mbeba mizigo. Ukiweka ya saa 3 asubuhi yenye daraja la kwanza, umemwita bosi. Metropolitan ilifika mahali mwaka 1910 ikafunga mabehewa mawili ya kifahari ya Pullman kwenye treni za Aylesbury na Chesham, bwana mkubwa anapata kifungua kinywa mezani akienda ofisini na chakula cha usiku akirudi. Hayo hayakuwekwa kwa ajili ya kibarua.

Mwana wa Kilindini

Ndugu yangu, kwa treni ya Nairobi hatukuwa hata na bahati ya hayo mabehewa 😅 Lakini nieleze hapo: watu walikubalije kuondoka mjini waende kukaa porini? Mimi nikiambiwa leo nihame Tudor hapa Mombasa niende shambani kwa sababu kuna treni, nitataka sababu ya maana.

Behewa la Tatu

@Mwana wa Kilindini walibembelezwa, tena kwa ufundi.

Mwaka 1915, katikati ya vita, ofisi ya matangazo ya Metropolitan ilibuni jina: Metro-land. Nchi ya Metro. Ikawa inachapisha kitabu kila mwaka, chenye picha za vijumba vya maua, vichaka, njia za kutembea kwa miguu, na nyuma kabisa matangazo ya nyumba pamoja na nauli na dakika za kufika mjini. Ujanja ulikuwa kwenye mpangilio. Unaanza kusoma kama mtu anayetafuta pa kutembea Jumapili, unamaliza unauliza kianzio cha nyumba ni kiasi gani.

Yaani waliuza shamba kwa kulisifia ukimya wake, wakati wao wenyewe ndio wanaokuja kuumaliza. Kila aliyenunua kwa ajili ya kuona malisho dirishani alipata miaka michache ya malisho, kisha akaona paa la mwenzake.

Vita vilipokwisha 1918 watu walitaka nyumba, na meneja mkuu wa kampuni, Robert Selbie, alikuwa ameshajipanga. Wanasheria walikuwa na wasiwasi kama kampuni ya reli inaruhusiwa kununua ardhi mpya kabisa, isiyokuwa ya ziada, kwa biashara ya nyumba. Jibu likawa kuanzisha kampuni ya pembeni mwaka 1919, Metropolitan Railway Country Estates, kwenye karatasi inajitegemea, mezani sura ni zilezile na Selbie ni mmoja wa wakurugenzi. Ikapima viwanja Neasden, Pinner, Rickmansworth, na Rayners Lane ambako waliita Harrow Garden Village.

Wajenzi binafsi wakajaza mapengo. Miaka ya 1930 riba ilishuka, vyama vya mikopo ya nyumba vikawa vinakopesha kwa kianzio kidogo, na nyumba nyingi za pacha kama hii ninayolala ziliuzwa chini ya pauni 1,000. Karani aliyezaliwa kwenye nyumba ya kupanga akawa mwenye nyumba, ana bustani na mti wa tufaha.

Mpimaji wa Zamani

Niongeze moja, mtoa mada aniruhusu. Aliyeisuka hesabu hii kwa ukamilifu zaidi ni Mjapani, Kobayashi Ichizo. Kampuni yake ndogo ilifungua njia ya umeme mwaka 1910 kutoka Umeda, Osaka, kwenda Takarazuka na Minoo. Watu walimcheka kwamba anapeleka treni kijijini. Yeye alishanunua ardhi kando ya njia, na mwaka huohuo akaanza kuuza nyumba pale Ikeda kwa malipo ya kidogo kidogo ya miaka 10, ili mtu wa mshahara aweze.

Kisha akawaza: asubuhi treni zinajaa kwenda mjini, kurudi tupu. Akaweka chemchemi za kuoga na jumba la michezo ya wasichana kule mwisho wa reli, Takarazuka, maonyesho yakaanza 1914. Na upande wa mjini, 1929, akajenga duka kubwa juu ya stesheni yenyewe ya Umeda. Treni inajaa pande zote mbili. Kampuni ndiyo Hankyu ya leo.

Nimefanya upimaji miaka 30. Kila mara nimeona barabara inakwenda kwanza, madalali wanafuata, serikali inafika mwisho kulipa fidia kwa bei ya madalali.

dada wa Kinyerezi

Mzee hapo mwisho umenigusa. Treni ya Mwakyembe, ile ya abiria wa jijini ya 2012, ilikuta Dar imeshajaa zamani. Sisi tumetanuka kwa daladala. Pugu Road, Kilwa Road, Morogoro Road, Bagamoyo Road, watu wamefuata lami kama siafu, reli ikaja kutukuta. Wenzetu reli ilitangulia.

Behewa la Tatu

Ni kweli, ila nisiwadanganye. Hata kule, kutangulia peke yake hakukutosha. Hapa ndipo namkosoa kidogo mama wa dukani.

Njia ya Harrow hadi Uxbridge ilifunguliwa 4 Julai 1904, na katikati yake kulikuwa na stesheni moja tu, Ruislip. Rayners Lane waliweka kituo kidogo 1906. Unajua kilikuwa kinahudumia nini? Mashamba. Palikuwa wazi na pana upepo hivi kwamba wafanyakazi wa reli walipaita Pneumonia Junction, njia panda ya nimonia. Treni za umeme zilipita pale miaka zaidi ya 20, na ng'ombe hawakuhama. Mwaka 1930 abiria walikuwa 22,000 kwa mwaka mzima. Mwaka 1937 wakawa milioni 4.

Reli haikubadilika kiasi hicho kati ya 1906 na 1930. Kilichobadilika ni mkopo wa nyumba, mshahara wa karani, na kampuni kuamua kupima viwanja. Kuanzia Oktoba 1933 treni za Piccadilly, njia nyingine ya reli ya chini, nazo zikafika hapo, safari zikaongezeka. Treni ilifungua mlango, ila mlango ulikaa wazi miaka 20 mpaka wenye pesa walipoingia.

Na kuna mahali chambo kiliwekwa, samaki hakuja. Njia ya juu kabisa ilikwenda hadi Verney Junction, zaidi ya maili 50 kutoka Baker Street. Hapakuwa na kijiji, stesheni ikapewa jina la mwenye ardhi, Sir Harry Verney. Treni za abiria za Metropolitan huko zilikoma 1936. Watford nako ni kichekesho. Kampuni ilitaka kufika barabara kuu ya mji, halmashauri ikakataa reli isipite kwenye bustani yao ya Cassiobury, kwa hiyo tangu 1925 stesheni ipo pembeni na mjini unakwenda kwa miguu. Baadaye kampuni ilinunua hadi jengo pale High Street, haikusaidia.

Nanga

Kwa hiyo hiyo kampuni iliishia wapi? Ilikuwa tajiri sana, naona.

Behewa la Tatu

Kitabu cha Metro-land kilitoka mara ya mwisho 1932. Tarehe 1 Julai 1933 reli yenyewe ikaunganishwa kwa lazima na mabasi, tramu na reli nyingine za chini kwenye bodi moja ya usafiri ya London. Ile kampuni ya viwanja haikuingizwa humo, ikabaki na wenyewe. Mnaelewa nyama ilikuwa wapi.

Mwaka 1938 ikapita sheria ya ukanda wa kijani kuzuia jiji lisiendelee kumeza mashamba, kisha vita vikaja, ujenzi ukasimama. Ndiyo maana ukipanda treni ya Amersham leo, nyumba zinafuatana, zinafuatana, halafu ghafla unaona kondoo. Pale ndipo penseli yao iliposimama.

dada wa Kinyerezi

Na huyo mama wa Kisumu, alifikaje kwenye hizo nyumba?

Behewa la Tatu

Nilimuuliza jana. Walitoka Kenya 1968, wakati Wahindi wengi walipokuwa wanakimbilia Uingereza kabla mlango haujafungwa. Mumewe alipata kazi ya hesabu mjini. Hawakumjua mtu hata mmoja upande huu. Mzee alikaa chini na ramani ya treni, akafuata mstari wa zambarau, ndio wa Metropolitan, kwa kidole kutoka Baker Street, na kila stesheni akawa anauliza bei ya nyumba. Kidole kilipofika kwenye bei wanayoiweza, wakanunua. Muuzaji alikuwa mzee wa Kiingereza, mjane, ambaye naye na mumewe waliinunua mpya.

Mama anasema yule bibi alipowakabidhi funguo aliwaachia pia ratiba ya treni, imebandikwa nyuma ya mlango wa jikoni.